Upande wa Penseli

Alhamisi, 20 Machi

Lebo mia nne na kumi na mbili zimepotea. Zilikuwa zimefungwa kwenye miguu ya ndege wa kabati la tatu, droo ya kwanza hadi ya kumi na nane, na zilitolewa humo kati ya tarehe 3 na tarehe 13 mwezi huu, siku kumi na moja nilizokuwa likizo nikimuuguza kaka macho. Nilirudi kazini tarehe 14, lakini kabati hilo sikulifungua hadi leo. Ndege wote wapo. Nimewahesabu mara mbili. Kila mmoja amefungwa lebo mpya, nyeupe, iliyochapwa kwa mashine, yenye mistari myeusi ya kusomwa na kompyuta.

Naandika kwenye daftari kwa sababu nikisema kwa mdomo wataniambia nimechoka, nipumzike.

Kwa asiyeijua kazi yetu: ndege akiletwa makumbusho huchunwa, hujazwa pamba, hushonwa tumbo, hulazwa chali akakauka, kisha hufungwa lebo mguuni. Lebo ndiyo inayosema ni ndege gani, alipatikana wapi, lini, na nani. Ndege aliyepoteza lebo yake ni manyoya na pamba, basi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Niliingia humu na ufagio. Nikajifunza kuchuna kwa kuchungulia wenzangu wakifundishwa, kwa sababu mimi hakuna aliyenifundisha. Leo wananiita Bi Pamba, na hakuna msomi aliyepita hapa ambaye kisu hakukishikia mezani kwangu.

Lebo zile, upande wa mbele aliandika marehemu Profesa, kwa wino. Upande wa nyuma aliandika marehemu baba yangu, kwa penseli. Baba hakujua kusoma. Alijua kuhesabu.

Paa linavuja. Ndoo tano leo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwendea mtunza orodha, yule tunayemwita Bi Orodha.

"Lebo za kabati la tatu ziko wapi?"

"Ziliingia ukungu, Bi Pamba. Ile wiki uliyoondoka maji yalishuka kama bomba. Tukazikata, tukazipiga picha, tukachapa mpya."

"Sijauliza mpya. Za zamani ziko wapi?"

"Ziliondolewa."

"Ziliondolewa zikaenda wapi?"

"Mimi kazi yangu orodha. Kwenye orodha zimeondolewa."

Akarudi kwenye kompyuta yake, midomo kaifunga kama pochi. Mwanamke huyu sijawahi kumpenda. Ana mwaka wa nne hapa na bado anashika ndege kwa ncha za vidole kama anayeokota kitambaa cha mafua.

Ndoo sita.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefua. Mashuka manne, foronya sita. Hayakukauka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefungua kompyuta ya maabara. Picha za mbele ya lebo: 412. Picha za nyuma: hakuna hata moja. Kwenye kila fomu kuna mstari ulioandikwa "Nyuma", na mbele yake pamejazwa maneno matatu: "Uchafu wa penseli". Nimesoma fomu zote nikitafuta hata moja iliyoandikwa vingine. Nimemaliza saa kumi jioni. Uchafu wa penseli, mara 412.

Ndoo sita.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri, umeme umekatika, hakuna wa kuchunwa. Nitaandika ule uchafu ulivyosomwa.

Baba alianza maisha na ndege kama adui. Utoto wake wote alikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la mpunga, na kombeo mkononi na makopo ya kugonga, akifukuza ndege kuanzia kucha mpaka kuchwa. Mwenye shamba alitaka kujua kila siku wameshuka ndege wangapi, ili ajue kesho apandishe watu wangapi. Baba, asiyejua kuandika, akawa anachora kwenye nguzo ya dungu. Mstari mmoja, ndege mmoja. Wa tano unakata minne. Wakifika mia, duara. Nukta chini yake, siku hiyo ilinyesha. Ndoano, ameona kiota.

Alipokua akaacha kuwafukuza, akaanza kuwanasa kwa kitoweo. Watoto sita tumekulia mchuzi wa ndege wasiojaza kiganja. Ndipo akatokea Profesa na viatu vyake virefu, akitaka mmoja wa kila aina, mzima, asiyepasuka. Bunduki ilikuwa inawaharibu. Wavu wa baba haukuharibu kitu. Miaka kumi na moja walitembea pamoja, Profesa akiandika mbele ya lebo, baba akifunga uzi mguuni. Na kabla hajafunga, aligeuza lebo, akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora idadi ya ndege wa aina ile aliowaona siku ile kabla hajamchukua mmoja. Profesa alimwachia kama mtu anavyomwachia mtu mzima anayejichorea chini kwa kijiti huku akingoja chai.

Basi mbele ya lebo pana ndege mmoja aliyekufa. Nyuma pana wote waliokuwa hai. Siku 412 zilizohesabiwa na mtu mmoja, wakati ambao hapakuwa na mwingine aliyehesabu. Mimi kujumlisha nilijifunzia kwenye mistari ile kabla sijaona ubao wa shule.

Sasa niseme na langu. Katika miaka thelathini na moja nimezinakili lebo 37. Siku zote nilisema ndege hawa hawarukii popote. Thelathini na saba kwa thelathini na moja: moja na kitu kwa mwaka. Zilizobaki ni 375, na hizo hazipo popote ila nyuma ya zile karatasi.

Jumatano, 2 Aprili

Ndoo saba. Mlinzi wa geti amesaidia kuzimwaga.

"Bi Pamba, ukiendelea hivi tutafuga bata humu."

"Bata nimewachuna wa kutosha."

"Nawe huna hata utani wa mtu aliye hai."

Jumatatu, 7 Aprili

Wameletwa chozi wawili, wale ndege wadogo wa kunyonya maua, wamejigonga kwenye kioo cha jengo jipya. Gramu 8 na gramu 7 na nusu. Ndio chozi pekee waliopita mikononi mwangu msimu huu.

Ndoo saba.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekaa na daftari la zile 37. Nne kati yake ni za aina moja, ndege mdogo mwenye koo la njano, droo ya tisa. Nimezipanga kwa mwaka. Ya kwanza: duara na mistari arobaini, yaani 140. Ya pili, miaka mitatu baadaye: 62. Ya tatu: 11. Ya nne: mstari mmoja na nukta.

Ndege huyo hajaonekana tena upande huu. Vitabu vinasema hivyo, na vinamtaja Profesa kuwa ndiye wa mwisho kumpata.

Nikamuuliza kaka. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka saba na alikuwa akiwabebea mizigo. Amekaa kibarazani na miwani yake myeusi ya hospitali, anasikiliza redio.

"Ile siku ya ndege wa koo la njano, yule wa mwisho, unaikumbuka?"

"Tulilowa siku ile."

"Baba alisemaje?"

"Alisema Profesa amefurahi." Kaka akapunguza redio. "Halafu akakaa anasafisha wavu. Nikamwambia baba, wavu huu msafi. Akaendelea."

Namba ile nimeijua miaka ishirini. Siku zote nilijiambia aliona mmoja kwa kuwa wengine walikuwa kwingine. Leo nimeiandika inavyosomeka. Alihesabu mmoja, akamchukua.

Nilidhani nikiiandika nitahisi kitu. Nimekula, nimeosha vyombo.

Jumanne, 15 Aprili

Daktari amenipokea baada ya kumwomba mara tatu. Yeye ndiye mkuu wetu sasa. Alikuja hapa mwanafunzi, nikamfundisha kuchuna. Njiwa wake wa kwanza alimpasua mara tatu, nikamshonea usiku wa kuamkia mtihani asionekane. Mbele za watu ananiita Bi Pamba. Akiwa na lake ananiita mama.

"Karibu, mama. Kaka macho vipi?"

"Anaona. Lebo ziko wapi?"

"Suala hilo lina mchakato wake."

"Nimeuliza mahali. Sijauliza mchakato."

Akacheka. "Bado unanichuna kama enzi zile."

"Enzi zile nilikufundisha kuzisoma alama za nyuma. Ulizisoma vizuri kuliko kisu ulivyokishika. Ukasema utaziandikia."

"Nilisema, sikatai. Ila kitaalamu, mama, ile ni kumbukumbu ya familia. Haiwezi kuitwa takwimu."

"Mia na arobaini, sitini na mbili, kumi na moja, moja. Ipi hapo ndiyo familia?"

Akaangalia ndoo iliyokuwa pembeni ya meza yake, maana hata kwake panavuja.

"Paa linakuja," akasema. "Mwezi wa tano mafundi wanaingia. Tuvute subira."

Nimetoka. Nilipofika ngazini ndipo nikaona kwamba la paa sikumuuliza.

Ndoo nane.

Alhamisi, 24 Aprili

Kila kitu kinachopanda kwenye mizani yangu nakiandika. Ndege, mayai, hata barua za watu wanaotaka kujua stempu. Sheria yangu mwenyewe. Leo nilikuwa natafuta uzito wa bundi wa mwezi uliopita, nikageuza ukurasa wa tarehe 14 Machi, na pale, kwa mwandiko wangu, pameandikwa: "Mfuko wa karatasi, kwa Bi Orodha, g 210."

Nikakaa.

Nikaenda kabati la kwanza, la mkusanyaji mwingine, karatasi zile zile za zamani na uzi ule ule. Nikafungua lebo kumi, nikazipima pamoja. Gramu tano. Yaani nusu gramu kila moja. Nikazirudisha, nikafunga kila moja kwa fundo lake. Nusu gramu mara 412 ni gramu 206. Nikachukua mfuko mtupu wa aina anayotumia Bi Orodha. Gramu nne. Mia mbili na sita na nne.

Nikapima upya. Mia mbili na kumi.

Nakumbuka asubuhi ile. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudi. Bi Orodha aliingia hata koti sijavua.

"Nipimie hii, Bi Pamba. Fomu inataka uzito."

"Nini humu?"

"Karatasi tu."

Nami nikafurahi, naandika ukweli, nikafurahi kwamba hata watu wa kompyuta wanajua mizani ya kuaminika iko kwa nani. Nikasafisha sahani ya mizani kwa pamba. Nikaweka mfuko katikati, nikangoja sindano itulie. Nikasoma kwa sauti: mia mbili na kumi. Nikauinua kwa mkono huu, nikampa.

Mfuko ulikuwa haujashonwa. Ulikunjwa tu mdomoni.

Miaka thelathini na moja nasema mbele ya wanafunzi kwamba mtu anayepima bila kutazama anachopima si mpimaji, ni rafu ya kuwekea vitu. Nimelisema hilo pengine mara mia mbili. Nimenawa mikono. Nimerudi mezani nikamaliza bundi.

Ndoo tisa.

Ijumaa, 25 Aprili

Ndoo tisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndoo tisa. Kaka anasema naongea nikiwa peke yangu. Nimemuuliza nasema nini. Anasema namba.

Jumanne, 29 Aprili

Mlinzi ana kitabu cha geti. Kila kitokacho, hata kikopo cha rangi, kinaandikwa.

"Tarehe 14 Machi ulitoka mfuko?"

Akapitisha kidole. "Saa nane na dakika kumi mchana. Mfuko mdogo. Gari la Daktari."

"Mfuko ukaenda wapi?"

"Bi Pamba, kitabu hiki kinauliza kimetoka nini. Kinakwenda wapi hakiulizi. Kingeuliza, nusu ya mabosi wangelala humu."

Taka za hapa huchomwa nyuma, kwenye pipa, kila Ijumaa. Tarehe 14 ilikuwa Ijumaa. Na hakuna mkuu anayepakia taka kwenye gari lake lenye viti vya kitambaa. Kwa hiyo hazikuchomwa. Ndiyo mara ya kwanza tangu Machi nimeandika "kwa hiyo" nikapenda kilichofuata.

Jumanne, 6 Mei

Mafundi wa paa wameingia. Wamening'iniza ubao mlangoni: paa jipya kwa hisani ya familia ya marehemu Profesa.

Nimeusoma nikiingia na nikitoka.

Alhamisi, 8 Mei

Bi Orodha amenifuata maabara wakati wa chakula, na faili kwapani. Hakuketi.

"Soma mwenyewe," akasema.

Karatasi ya kwanza ni yake kwenda kwa Daktari, tarehe 6 Machi: "Nyuma ya lebo kuna alama zenye mpangilio. Naona zipigwe picha. Pia asubiriwe Bi Pamba." Chini yake, kwa kalamu ya kijani ya Daktari: "Hapana. Ni uchafu wa penseli. Ondoa." Karatasi ya pili ni barua ya familia ya Profesa, wanashukuru kupokea mwandiko wa mzee wao. Wanafungua ukumbi wa kumbukumbu yake mwezi wa sita. Lebo zote zitabandikwa kwenye ubao mmoja mkubwa, ukutani, wageni wauone mwandiko.

"Zitabandikwa," nikasema.

"Kwa gundi. Sura mbele, penseli kwenye gundi."

"Lini?"

"Sijui. Ningejua ningekuambia."

"Na Machi ulijua, mbona hukuniambia?"

Akafunga faili. "Uliniuliza kama unamuuliza mwizi, Bi Pamba. Nami nikakujibu kama mwizi. Halafu nikaona haya."

"Na mfuko ulioniletea nipime?"

"Nilikuletea wewe badala ya kupima kule mapokezi. Nilidhani utaufungua."

Juu mafundi wanagonga. Nikamsogezea kiti. Akakaa, akala wali wake wa kwenye kikopo huku ndege saba wakimtazama kwa macho ya pamba. Ana mikono myepesi. Nimeona alivyomsogeza kwale bila kumvuruga unyoya. Miaka minne sikuwahi kuona.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Ndoo sifuri.

Nimesimama chini ya palipokuwa panavuja nikanyoosha kiganja. Kikavu. Kabati zote kavu. Ni paa zuri, misumari ina mpira chini ya kofia, mabati yamelaliana vya kutosha. Fundi aliyelipiga anajua kazi.

Nimepiga hesabu. Lebo moja naigeuza, naisoma, nainakili, naikagua: dakika nne. Mara 375 ni dakika 1,500. Saa ishirini na tano. Siku tatu za kazi na asubuhi moja. Wangeniambia, "Bi Pamba, tunapata paa, wao wanapata wino," ningesema sawa, nipeni siku nne. Ningesaini mwenyewe. Ndege elfu kadhaa wako pakavu leo kwa sababu ya lile paa, na mimi ndiye niliyewachuna wengi wao. Kinachoniuma ni zile saa ishirini na tano. Au ndicho kingeniuma. Nagusa mahali panapotakiwa kuuma, nakuta pamba.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempelekea Daktari barua, nakala mbili. Jibu limekuja na mhudumu: "Limepokelewa na linashughulikiwa."

Ijumaa, 23 Mei

Barua ya pili. Jibu: "Suala lako linafanyiwa kazi." Barua mbili, majibu ya maneno saba.

Kaka, jioni: "Achana nao, mdogo wangu. Hata zikipatikana baba harudi."

"Sijamwomba baba arudi. Naomba hesabu yake."

Akavua miwani, akanitazama kwa yale macho mapya. "Basi iombe kwa sauti. Wewe toka mtoto unaombea mfukoni."

Jumatano, 28 Mei

Mvua imekatika. Siku ya tatu jua kali. Nimenakili hapa barua niliyompa Daktari leo saa mbili asubuhi, mkononi mwake, mbele ya Bi Orodha aliyekubali kuwa shahidi.

"Daktari,

Hii ni barua ya tatu na sitaandika ya nne.

Najua lebo zilikokwenda. Najua uzito wake, gramu 206, kwa sababu nilizipima mimi, na kosa la kutofungua mfuko ni langu, nimeliandika kwenye daftari la mizani chini ya tarehe yake. Najua paa limetoka wapi. Sidai paa libomolewe. Sidai wino wa Profesa, familia yake wana haki nao.

Nadai upande wa penseli. Wewe ni mmoja wa watu wawili walio hai wanaoweza kuusoma, na wa pili ndiye aliyekufundisha. Ulipoandika 'uchafu' ulikuwa unajua ni 140, 62, 11 na moja. Baba yangu alimchukua yule mmoja kwa sababu aliagizwa, lakini alimhesabu kwanza. Wewe umeagizwa na nani usihesabu?

Usinieleze mchakato. Usiniite mama. Swali ni moja. Kama bado hazijabandikwa, nipangie siku, nitakwenda kwao na penseli yangu, nahitaji saa ishirini na tano, na sitagusa wino. Kama baadhi zimebandikwa, niandikie ngapi. Kama ni zote, andika zote.

Ujibu kwa mkono wako, si kupitia mhudumu, Ijumaa hii tarehe 30, kabla ya saa sita kamili mchana. Nitakuwa maabara, mlango wazi. Zimeshapakwa gundi, au bado?"